Mbavu za mbuzi kwa wageni 30: Kabla hujawasha mkaa, angalia sinia lako

Kipaimara, mahafali ya darasa la saba, maulidi ya nyumbani, arobaini ya mtoto. Sherehe ikitangazwa tu, swali la kwanza kwenye kundi la familia ni nani ataleta jiko la pipa. Mzazi aliyezoea kupika nyama kilo moja kwa mkupuo anajikuta ana kilo 15 za mbavu za mbuzi kwenye beseni, pipa lililokatwa katikati nyuma ya nyumba, wajomba wanne ambao kila mmoja anajua kuchoma kuliko wenzake, na watoto kumi na wawili wanaokimbizana humo humo.

Sherehe nyingi za namna hii huisha salama. Nyingine huisha kesho yake, mtoto akiwa amelala kwenye benchi la zahanati na chupa ya ORS mkononi, na mama akiulizwa jana mlikula nini. Mara nyingi atalaumiwa mbuzi, wakati tatizo lilikuwa sinia.

Tuanze lakini na bucha, maana kuna jambo moja la huko ambalo moto wa nyumbani hauwezi kulirekebisha. Kwa wageni 30, hesabu ya nusu kilo ya mbavu zenye mfupa kwa mtu mzima mmoja inatosha, na kama kuna ugali, ndizi na pilau unaweza kushuka kidogo. Mbuzi mmoja wa kienyeji hana mbavu za kukufikisha hapo. Mbavu zake zote mbili haziwezi kufika kilo tano, kwa hiyo unahitaji za mbuzi zaidi ya watatu, na hizo huzikuti buchani asubuhi ya Jumamosi bila kuagiza. Agiza siku mbili kabla, na umwambie mwenye bucha unataka nyama iliyopita machinjioni, yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiletewa mbuzi wa bei nafuu aliyechinjiwa uchochoroni, achana naye.

Sababu ni hii. Mtaalamu wa mifugo anayekagua mnyama kabla na baada ya kuchinjwa anatafuta magonjwa ambayo mlaji hawezi kuyaona kwa macho. Moja ni kimeta. Vijidudu vyake hujifunga ndani ya ganda gumu na huweza kuvumilia joto la kawaida la jikoni, kwa hiyo huwezi kusema nitaichoma sana mpaka iwe salama. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa haraka kwa kuwa alishaanza kuanguka, haliwi. Jingine ni Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu zaidi ya 100 hapa Tanzania katika mlipuko wa mwaka 2007. Hiyo hufa kwa kupikwa, ila binadamu wengi huipata wakati wa kuchinja na kuchuna, kupitia damu. Kama familia yenu mmeamua kuchinja wenyewe nyumbani, mwiteni ofisa mifugo wa kata aje akague, na watoto wasikusanyike kutazama wala kutumwa kushika miguu ya mbuzi.

Sasa sinia

Angalia mchomaji wa nyumbani anavyofanya kazi. Anabeba mbavu mbichi kwenye sinia, anazipanga juu ya wavu, analiweka sinia pembeni. Nyama ikiiva, analichukua sinia lile lile, pengine amelimwagia maji kidogo, anapakua. Koleo ni moja. Kisu kilichotenganisha mbavu mbichi ndicho kinachokatia vipande vya kuonja, na ubao ule ule, ukifutwa kwa kitambaa, unakatiwa nyanya na vitunguu vya kachumbari.

Kwenye nyama ambayo haijasagwa, kama mbavu, bakteria wengi hukaa juu, kwenye uso wa nyama. Moto wa mkaa huwaua hao mapema kabisa. Kwa hiyo mbavu iliyoiva juu ya wavu huwa haina neno, mpaka irudishwe kwenye maji mekundu ya sinia. Hapo imechafuliwa upya, na safari hii hakuna moto mwingine utakaopita juu yake. Kachumbari ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haipikwi kabisa, na ni chakula ambacho hata mtoto asiyependa nyama atakila pamoja na ndizi.

Miongoni mwa wanaosafiri kwa njia hiyo ni salmonela na aina fulani za E. koli zinazotoa sumu, ambazo ng'ombe, mbuzi na kondoo huzibeba tumboni bila kuugua. Mtu mzima anaweza kuharisha siku mbili akapona. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, sumu ya E. koli hizo inaweza kwenda kuharibu chembe nyekundu za damu na figo. Si jambo la kila siku, lakini ndiyo sababu madaktari wa watoto hushtuka wakisikia mtoto anaharisha damu siku chache baada ya sherehe.

Kinga yake ni ya gharama ndogo kuliko mambo yote ya siku hiyo. Masinia mawili ya rangi tofauti, koleo mbili, mbao mbili. La bluu la nyama mbichi, la njano la iliyoiva, na mtu mmoja, mmoja tu, anayeruhusiwa kuligusa la bluu. Kachumbari ikatwe kabla beseni la nyama halijafunguliwa, ifunikwe, na ikiwezekana ikatwe na mtu ambaye hatagusa nyama siku hiyo. Karibu na jiko kuwe na ndoo ya maji yenye bomba na sabuni. Mchomaji anayenawa mikono kwa kujifuta kwenye suruali hajanawa.

Na yale maji ya limau, tangawizi na kitunguu saumu yaliyolowekea nyama usiku kucha? Wengi huyapaka juu ya nyama dakika ya mwisho ili ing'ae. Yachemshe kwanza yatokote. Vinginevyo unapaka nyama mbichi juu ya nyama iliyoiva.

Kuchemsha kwanza, na shida ya wageni kuchelewa

Kuna wanaoona kuchemsha mbavu kabla ya kuchoma ni udhaifu. Kwa kilo mbili, nitawaunga mkono. Kwa kilo 15 na pipa moja, chemsha. Mbavu mbichi zikichomwa pole pole pembeni ya moto zinahitaji saa moja hadi moja na nusu mpaka zilainike, na pipa la kawaida halibebi zaidi ya kilo tano kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe wageni wa mkupuo wa tatu watakula saa ngapi. Ukichemsha dakika 40 hivi kwenye maji yenye tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo, wavu unabaki na kazi ya dakika 20 hadi 25 tu ya kukausha na kutia rangi. Unapata na supu.

Hatari ya njia hii ni moja na inaeleweka kirahisi. Nyama iliyochemshwa nusu haitakiwi kusubiri. Wapo wanaochemsha Ijumaa usiku, wanaiacha kwenye sufuria kubwa mpaka asubuhi, wanaichoma mchana. Sufuria la lita 30 hupoa pole pole mno, na saa zote hizo katikati yake ni vuguvugu. Kuna bakteria, Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, kisha huamka na kuzaliana kwa kasi supu inapokuwa vuguvugu. Ndiye mhusika wa kawaida pale ukumbi mzima unapoumwa tumbo usiku mmoja, kati ya saa sita na 24 baada ya kula.

Kwa hiyo chemsha asubuhi ya siku yenyewe, na upange kwa kurudi nyuma. Chakula ni saa nane mchana. Sufuria la kwanza liwe limeanza kutokota saa nne na nusu, na mkaa uwashwe muda huo huo kwa sababu unahitaji zaidi ya nusu saa mpaka utande majivu meupe. Mkupuo wa kwanza unaingia kwenye wavu saa tano na dakika kumi. Sufuria la pili lianze nusu saa baada ya la kwanza, la tatu nusu saa nyingine, ili kila mkupuo utoke kwenye maji yanayochemka na kwenda moja kwa moja motoni. Zilizoiva zikae kwenye sufuria lenye mfuniko pembeni ya pipa, sehemu ambayo mkono hauvumilii kushika. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwa chakula kinachosubiri ni zaidi ya nyuzijoto 60. Chini ya hapo, saa mbili na imetosha.

Tatizo ni kwamba kadi ya mwaliko imeandikwa saa saba, na sote tunajua wageni wa saa saba hufika saa tisa na nusu. Ukichoma kilo zote 15 kufuata kadi, zitakaa mezani chini ya kawa mpaka ziwe za baridi. Ni afadhali uchome theluthi moja, uwape watoto wale mapema kwa kuwa ndio wenye njaa ya kweli, na zilizobaki usizichemshe kwanza. Ziache mbichi kwenye deli lenye barafu mpaka uone magari. Wageni wakisubiri wakiwa na vikombe vya supu ya moto, hakuna atakayelalamika.

Utajuaje imeiva? WHO inataja nyuzijoto 70 katikati ya nyama, ila kipimajoto cha nyama hakipo kwenye nyumba nyingi, tusidanganyane. Angalia ncha ya mfupa: nyama ikiiva hujivuta na kuuacha mfupa ukiwa wazi kama upana wa kucha. Chana kipande kinene zaidi, kile cha upande wa kidari. Maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu. Onyo moja, soseji na mishkaki ya nyama ya kusaga haziko kwenye hesabu hii. Nyama ikisagwa, wale bakteria wa juu huingia ndani, kwa hiyo lazima iive mpaka katikati, bila mjadala.

Moto wenyewe

Pipa lililokatwa ni jiko zuri kama unajua lilibeba nini. Lililokuwa la rangi, dawa za kilimo au kemikali za kiwandani lisitumike hata likichomwa mara kumi. Jambo jingine ni namna ya kuuwasha mkaa. Uzoefu wa mtaani ni kuyeyushia kipande cha mfuko wa plastiki, au ndala iliyokatika, juu ya mkaa ili ushike haraka. Moshi wake ni sumu, na sehemu yake inabaki kwenye mkaa utakaochomea chakula cha watoto. Vifuu vya nazi vinawaka vizuri kuliko ndala, na ukanda wa Pwani vimejaa. Vijiti vikavu na karatasi pia vinatosha. Mafuta ya taa kama ni lazima, yamwagwe kwenye mkaa wa baridi tu, petroli kamwe. Kuongeza mafuta juu ya mkaa ulioanza kushika ndiko kunakounguza nyuso.

Mkaa ukishaiva usuukumie wote upande mmoja, theluthi mbili ya pipa, na theluthi moja uiache bila mkaa. Nyama ikianza kuwaka kwa sababu ya mafuta yanayodondoka, isogeze upande mtupu. Usimwage maji, yanarusha majivu juu ya nyama, na usiiache ikawaka kwa sababu mtu fulani anapenda yenye kuungua kidogo.

Huyo mtu fulani tumwambie ukweli. Nyama inapopikwa kwa moto mkali sana, na mafuta yanapodondokea mkaa na moshi wake kurudi juu, hutengenezwa kemikali ambazo kwenye maabara zimeonekana kuharibu vinasaba. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka nyama nyekundu, na ya mbuzi imo, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na nyama za kiwandani kama soseji kwenye kundi la vile ambavyo ushahidi wake umethibitika. Makundi hayo yanaeleza uzito wa ushahidi. Hayasemi kwamba soseji moja ni sawa na sigara moja, kama ilivyosambazwa WhatsApp. Sherehe moja haimpi mtu saratani. Lakini kama kila Jumapili ni choma, punguza, geuza nyama mara kwa mara, na kata sehemu zilizokuwa nyeusi kabla ya kumpa mtoto. Hapo tena kuchemsha kwanza kunasaidia, kwa kuwa nyama inakaa juu ya moto kwa muda mfupi zaidi.

Watoto karibu na pipa

Chora mstari kwa chokaa au panga matofali, hatua mbili kamili kutoka kwenye pipa pande zote, na mweke mtu mzima mmoja ambaye kazi yake si kuchoma. Mchomaji ana moshi machoni na koleo mkononi, hawezi pia kuwa mlinzi. Jiko liwe upande ambao upepo hauupeleki moshi kwenye viti, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu.

Akiungua, maji safi ya bomba yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa. Kusiwe na barafu, dawa ya meno, ute wa yai, asali wala unga. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali kama jeraha linazidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, au liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri. Mtoto mchanga apelekwe hata kama limeonekana dogo.

Kuhusu kula, mbavu za mbuzi zina mifupa myembamba inayopasuka ikikatwa kwa panga. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, toa nyama kwenye mfupa, pitisha vidole kutafuta vipande vya mfupa, kisha ikate ndogo ndogo. Asile akikimbia. Wa chini ya mwaka mmoja hahitaji chumvi yenu.

Mvua ikinyesha

Hapa ndipo ningependa usome pole pole. Mvua ikikatisha sherehe, watu hulisukuma jiko kibarazani, kwenye banda la gari, wakati mwingine sebuleni karibu na mlango. Na usiku, hasa sehemu za baridi kama Arusha, Mbeya na Njombe, mkaa uliobaki huingizwa chumbani upashe joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mkaa usiotoa moshi tena bado unaitoa. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala haamki kabisa. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Mvua ikija, hamisheni wageni ndani na jiko libaki nje, hata kama nyama itazimika. Mkikuta watu wamezidiwa kwenye chumba chenye jiko, watoeni nje kwenye hewa kwanza, kisha mkimbilie hospitali.

Jioni wageni hufungashiwa. Nyama iliyokaa mezani tangu saa nane isiingie kwenye mfuko wa mtu anayekwenda Mbagala kwa daladala mbili saa kumi na mbili. Wafungashie ile iliyotoka motoni karibuni, na wewe ya kwako igawe kwenye vyombo vidogo vifupi iingie friji mapema. Supu iliyobaki vivyo hivyo, usiiingize ikiwa kwenye sufuria kubwa. Kesho ichemke mpaka itokote ndipo iliwe.

Mtoto akianza kuharisha, ORS kwa vijiko kila baada ya dakika chache na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ambavyo zahanati huvitoa. Damu kwenye choo, macho kuingia ndani, kutokojoa kwa saa nyingi au kulegea ni safari ya hospitali usiku huo huo, na msimpe dawa za viuavijasumu zilizobaki kabatini.

Kabla ya kulala kuna jambo moja nyuma ya nyumba. Wengi huufukia mkaa kwenye mchanga na kwenda kulala. Mchanga huficha moto na kuhifadhi joto mpaka asubuhi, na anayeamka wa kwanza kwenda kucheza pale, bila viatu, ni mtoto wa miaka mitatu. Mwagieni maji mpaka ukome kufuka, koroga kwa koleo refu, mwaga tena, na pipa lilale limefunikwa kwa bati.